Korongo Mweupe wa Bonifasi

Juzi binti yangu aliangusha chupa ya siki jikoni, ikapasuka, na ile harufu kali ikanifuata sebuleni nilipokuwa nachambua mchele. Nikainuka. Akadhani nakwenda kumgombeza, akaanza kujitetea kabla sijafungua mdomo. Wala! Sikuwa na habari na chupa yake. Mimi nilikwisha kufika kwetu Murusagamba, kule mpakani, ndani ya stoo yetu iliyozibwa madirisha kwa magunia, nimebanwa kati ya baba yangu na mkimbizi aliyeitwa Bonifasi, sote watatu tumekodolea macho karatasi iliyozama kwenye beseni.

Siki ile ilikuwa ya kazi. Baba alikuwa mpiga picha, wa pekee upande wetu wote, na picha zake alizisafisha mwenyewe humo stoo katikati ya maharage na majembe. Karatasi ikitoka kwenye dawa aliitumbukiza kwenye siki ili dawa iache kuila. Mashati yake yote yalinuka siki. Mama alikuwa akiwaambia wageni kwamba yeye ameolewa na achari.

Kabla ya watu kuvuka mpaka, kazi ya baba ilikuwa ubatizo, kipaimara na harusi. Wateja walikuja na makoti ya kuazima, wakasimama kama wanasomewa hukumu. Na wote walitaka jambo moja, watoke weupe kidogo. Ole wake mpiga picha anayemtoa bibi harusi mweusi kama chungu cha kuni! Baba alilijua hilo, kwa hiyo mkono wake ulizoea kuifungua lenzi mwanga uingie wa kutosha, uso wa mtu uonekane hadi nyusi. Kwa ufundi huo alisifiwa mpaka Kabanga.

Kisha watu wakavuka. Mimi nilikuwa sijaanza shule, na ninachokumbuka zaidi ni miguu: barabara nzima miguu, mingine na viatu, mingine imefungwa vitambaa, na vumbi ambalo halikutua. Lukole, pori walikowekwa wakimbizi, ikageuka mji wa maturubai ya bluu. Baba akahamishia kazi yake huko, akawa anarudi nyumbani na malori kila alipoweza. Ofisi moja ya huko ilimpa kazi ya kupiga picha watoto waliopotelewa na wazazi wao. Kila mtoto alisimama peke yake, akitazama mbele, nyuma yake shuka jeupe, kwa sababu ofisi ilitaka nyuma kuwe kweupe. Shuka lenyewe lilikuwa la mama, aliloletewa na dada zake siku ya harusi, na hakulilalia tena. Picha zilibandikwa kwenye mbao ndefu, wazazi wakapita kuzitazama. Mara chache sana mama mmoja alipiga yowe na kuanguka, na hapo baba alikuja nyumbani akiimba. Siku nyingine zote alikuja kimya, akala, akalala.

Huko Lukole, miaka michache baadaye, ndiko alikokutana na Bonifasi, naye alikuja kwetu kwa sababu ya ndege.

Bondeni kwetu, chini ya migomba ya mama, palikuwa na makorongo wale wenye kishungi cha dhahabu kichwani, ambao wazee wetu huwaita umusambi. Kwa kawaida ni wa kijivu. Mmoja wao alikuwa mweupe. Mweupe kweli, toka shingo hadi mkia, kishungi chake tu ndicho kilichobaki na rangi yake. Hakuna aliyejua kwa nini. Wapo waliosema ni baraka, wapo waliosema ndiye aliyeleta vita. Mama alisema ni ndege, na kwamba anakula wadudu wa maharage yake, basi aachwe. Siku moja kambini baba alikuwa akipiga soga na watu wa foleni, akamtaja korongo huyo. Mtu mmoja aliyekuwa nyuma kabisa akaisukuma foleni mpaka mbele, akamshika baba mkono.

"Fundi, huyo korongo ana kidole kimoja kilichopinda?"

Baba akasema hajui, hajapata kumkaribia kiasi hicho. Yule mtu akakaa chini palepale kwenye vumbi, akalia.

Kisa chake nilikisikia nyumbani baadaye, akimweleza mama jikoni kwa Kiswahili chake cha sokoni ambamo r mara nyingi ilikalia kiti cha l. Kilima chao, maana kwao kijiji ni kilima, kilikuwa ng'ambo ya mpaka, mkabala na sisi. Siku ya vita alikuwa amekwenda soko la mbali. Aliporudi alikuta majivu. Mkewe alikutwa amekufa njiani. Binti yao mdogo, Goreti, alionekana mgongoni kwa mwanamke asiyefahamika, wakielekea mtoni, na tangu hapo hakuna aliyemwona. Goreti alikuwa hajui jina la baba yake. Alimwita Data, kama watoto wote wa kwao wanavyowaita baba zao. Hakujua jina la kilima chao pia. Ukimuuliza kwenu wapi, angekujibu ni kwetu.

"Mtoto wa hivyo unamtafuta namna gani?" mama akamuuliza, huku akimwongezea maharage.

"Kwa korongo," Bonifasi akasema.

Kwao, kabla ya vita, alikuwa na kawaida ya kulima bondeni na mtoto wake ameketi juu ya kichuguu. Makorongo hawamwogopi mtu anayelima. Jembe linafukua funza, nao wanalifuata, mradi mwenye jembe asinyooshe mgongo. Yule mweupe alimfuata Bonifasi hatua kwa hatua, akidonoa nyuma ya visigino vyake, na Goreti alimpa jina la Bikira, kwa sababu alifanana na ile sanamu ya kanisani yenye shela nyeupe. Kila asubuhi mtoto aliamka na neno moja, twende kwa Bikira. Alilisema hilo kabla ya uji. Bonifasi aliamini kwamba mtoto anaweza kuwasahau watu wote duniani lakini si ndege yule. Picha ikibandikwa kwenye mbao za kambi, yeye na korongo wakiwa pamoja, Goreti akipita hapo siku moja atanyoosha kidole na kusema Bikira. Na mtu yeyote atakayemsikia atajua huyu ni wa nani.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yote aliyobaki nayo. Baba aliyaelewa mara moja. Akamleta kwetu juu ya lori la magunia, amembebesha stendi ya kamera, ili wakiulizwa barabarani aseme ni msaidizi wake. Maana mkimbizi hakuruhusiwa kutembea mbali na kambi bila kibali.

Asubuhi ile nilikatazwa kwenda bondeni. Nikaenda. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mafunjo, udongo unanuka mvua, vyura wanapiga kelele kama darasa lisilo na mwalimu. Nilijificha kwenye migomba ya pembezoni, nikawaona. Bonifasi alikuwa ameshika jembe la mama, ameinama, analima polepole ardhi ambayo haikuwa yake. Baba amechuchumaa nyuma ya kamera yake pana ya kizamani, ile unayoiinamia na kuitazama kutoka juu. Makorongo walikuwa mbali. Bonifasi akalima. Akalima bila kuinua kichwa, na huku analima alikuwa anaimba kitu kidogo cha kwao puani, nikaona wale wa kijivu wanasogea, na katikati yao yule mweupe.

Alikuja mpaka karibu na kisigino chake. Nawaambieni ukweli, nilikuwa mtoto mtundu asiyenyamaza hata kanisani, lakini pale nilinyamaza. Alikuwa mzuri kupita kiasi. Aliinua mguu mmoja, akausimamisha hewani, na Bonifasi akapindua kichwa bila kunyoosha mgongo, akautazama huo mguu. Kisha akamwambia baba kwa sauti ya chini, "Ni yeye. Kidore hicho."

Baba hakupiga picha. Alinyanyua stendi, akaihamisha kidogo kushoto, akaitazama, akaihamisha tena. Mimi nilikuwa nauma vidole kwa hasira. Anangoja nini? Baadaye alitueleza kwa fahari: alikuwa akizunguka mpaka nyuma ya korongo kusiwe na mafunjo wala migomba, kuwe na ukungu mtupu. "Nimepata shuka bora kuliko la mama yenu," alisema. Miaka yote ile nyuma palitakiwa kuwa peupe, na pale Mungu mwenyewe alikuwa amemtundikia. Kisha akaipima nuru kwenye uso wa Bonifasi, kwa kuwa Bonifasi alikuwa mweusi sana na alikuwa ameinama kivulini mwa mwili wake, akaifungua lenzi kama alivyozoea, uso uonekane hadi nyusi.

"Sasa, Bonifasi. Nyanyua uso taratibu. Nitazame."

Bonifasi akanyanyua uso, jembe mkononi, korongo ubavuni. Akatabasamu, na nadhani alikuwa akimtabasamia mtoto wake moja kwa moja. Kamera ikalia. Ikalia tena. Korongo akapiga mbawa, wenzake wakamfuata, na bonde zima likajaa kilio chao.

Baba alirudi nyumbani anarukaruka kama kijana aliyekubaliwa posa. Alinikuta nimelowa umande hadi magotini, hakuniuliza hata nilikuwa wapi. Mama akachinja jogoo.

Mchana tukaingia stoo. Tochi ilifungwa kitambaa chekundu, na mlangoni palijazwa magunia. Baba akaiangaza karatasi kupitia ukanda wa filamu aliokwisha kuusafisha, akaizamisha kwenye dawa, akawa analitikisa beseni polepole. Nilikwisha kuona picha nyingi zikizaliwa hivyo. Kwanza yalitokea majani. Kisha jembe. Kisha suruali ya Bonifasi iliyochanika, kifua, na mwisho ule uso, macho na meno na kila kunyanzi, mzuri kuliko picha yoyote ambayo baba amewahi kupiga.

"Nimetoka!" Bonifasi akasema, akacheka. "Na yeye?"

"Ngoja. Anakuja."

Pembeni mwa Bonifasi karatasi ilikuwa nyeupe. Tukangoja. Baba akatikisa beseni.

"Anakuja?"

"Anakuja."

Hakuja. Uso wa Bonifasi ukaanza kuiva kupita kiasi, ukawa mweusi, kunyanzi zikapotea, na pale ubavuni hakukuwa na kitu. Baba akaichomoa karatasi, akaitia kwenye siki kwa pupa mpaka siki ikamwagikia miguu yetu. Akachukua karatasi nyingine. Akajaribu picha ya pili. Ilikuwa vilevile. Akaifungua tochi kile kitambaa, akainua ukanda machoni, akakaa hivyo muda mrefu. Mwanga aliouruhusu kwa ajili ya uso ulikuwa umemuunguza korongo wote, na ukungu nyuma yake ulikuwa mweupe kama yeye. Weupe ndani ya weupe. Hata kishungi kilikuwa kimemezwa.

"Nimemuua," baba akasema. "Jamani, nimemuua mwenyewe."

Alikuwa na kalamu nyembamba ya kurekebishia nyusi za mabibi harusi. Aliichukua, akachora juu ya ile sehemu tupu shingo, miguu miwili, kishungi. Akampa Bonifasi. Bonifasi aliitoa nje kwenye jua, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Huyu ni kuku, Fundi."

Hakusema kwa hasira. Mimi nilicheka, maana kweli alikuwa kuku, na mama akanipiga kofi la mgongoni.

Kesho yake walishuka tena bondeni kabla ya jua, na siku iliyofuata, Bonifasi akilima mpaka kile kipande cha mama kikawa tayari kwa kupandwa. Wale wa kijivu walikuja. Mweupe hakuonekana. Mwanamke mmoja aliyekuwa akilima jirani alisema ametegwa na vijana, wamempeleka Kabanga kumuuza kama kioja. Mwingine akasema aliliwa, njaa haichagui rangi. Mzee mmoja aliapa kwamba alimwona akivuka kurudi ng'ambo peke yake. Baba alikwenda Kabanga kwa baiskeli, akauliza mpaka kwa wabadilisha fedha, akarudi na pancha na midomo iliyokauka.

Jioni ile ndiyo ya mwisho Bonifasi kula kwetu. Mama alijitahidi kumtia moyo. Alimwambia damu huitana. Alimwambia mzazi ni mzazi, siku atakapoiona picha ya mwanawe kwenye zile mbao atamjua tu, hata awe amekua namna gani, moyo utamruka. Bonifasi alikuwa anatazama sahani yake. Chakula hakukimaliza, na mama aliudhika kidogo, akidhani hakupenda.

Shule ilipofungwa baba alinichukua kwenda Lukole. Ilikuwa safari ya kutwa nzima juu ya lori, nikatapika mara kadhaa. Alikuwa amebeba ile picha iliyosafishwa vizuri, Bonifasi peke yake na jembe na weupe pembeni, kwa sababu Bonifasi mwenyewe aliiomba. Akaibandika kwenye kona ya ubao, chini kabisa, usawa wa macho ya mtoto. Watoto wa kambini walikuja kuitazama. Mmoja akauliza kwa Kirundi mtu huyu anamchekea nani. Wakatawanyika kwenda kucheza.

Bonifasi akamvuta baba mkono mpaka katikati ya mbao.

"Huyu ulimpiga wewe?"

Alikuwa msichana mdogo kuliko mimi kidogo, kichwa kimenyolewa, macho makubwa.

"Nadhani. Nimewapiga wengi."

"Mtazame vizuri, Fundi. Ni yeye?"

Baba akashangaa. "Nitajuaje, Bonifasi? Mimi sijapata kumwona mwanao."

"Najua. Rakini macho yako ni ya kazi. Ni yeye?" Akasogea ubao wa pili, akaweka kidole chini ya picha nyingine. "Ama huyu? Huyu waliniitia. Aliniita Data. Rakini wote wananiita Data, Fundi. Yeyote nikimwendea ananiita Data. Karani akaniuliza, ni wako? Nikashindwa kusema."

Mimi nilicheka tena. Nasema kama ilivyokuwa: nilikuwa na miaka tisa, na mtu mzima kumuuliza mwenzake yupi ni mtoto wangu niliona ni kichekesho. Nilisema kwa sauti, "Hamjui mtoto wake!" Nikamgeukia baba anisaidie kucheka. Baba alikuwa ameutazama ule ubao, picha zote zile alizozipiga kwa mkono wake, safi, nyuso zinaonekana hadi nyusi. Alinifunika mdomo kwa kiganja chake, akaniacha hivyo kwa muda, mpaka nikaogopa.

Hatukumwona Bonifasi tena baada ya hapo. Baba aliendelea kumuulizia kila alipokwenda, wakamwambia amehamishwa, wakamwambia amerudi kwao, wakamwambia hawamjui. Ile picha iliondoka ubaoni mvua za kwanza zilipokuja. Nyumbani hakumtaja, na nikimtaja mimi alitoka nje.

Nimezaa, nimelea. Kuna mwaka nilimwacha kifungua mimba wangu kwa bibi yake, nikaenda kusoma, na niliporudi nilisimama getini nikaona watoto wanacheza, na kwa kitambo kifupi, labda muda wa kufumba na kufumbua, sikujua yupi ni wangu. Nikalishikilia geti. Mama mkwe alidhani ni uchovu wa safari, akaniletea kiti.

Sisi tulidhani Bonifasi anamtaka yule korongo ili mtoto amtambue baba. Ni kweli, hilo alilisema. Ila mtoto alipotea akiwa mdogo wa kubebwa mgongoni, na nyumbani kwao hakukuwahi kupita mpiga picha. Miaka ilipita. Alisimama mbele ya zile mbao siku baada ya siku, akatafuta uso, akazitazama nyuso nyingi mno za watoto wa watu, mpaka ule mmoja aliokuja nao kichwani ukafutika. Alihitaji awepo mtoto mmoja, mmoja tu kati ya wote wale waliokuwa tayari kumwita Data, atakayenyoosha kidole na kusema Bikira, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa tena na njia ya kumjua. Na kwa yule aliyeitiwa angeweza kumwambia karani ndiyo, ni wangu. Angeondoka na mtoto mkononi. Hakufanya hivyo, kwa kuwa alijua kwamba kuna baba mwingine mahali fulani kwenye yale maturubai anayemtafuta huyohuyo.